Kupanga matumizi ya zawadi za Krismasi kwa kuanzia na Januari

Kwa familia nyingi za Tanzania zinazokwenda nyumbani mwezi Desemba, tatizo la zawadi halianzii dukani. Linaanzia kwenye hesabu ambayo ilipaswa kufanywa kabla ya kwenda dukani na haikufanywa. Wiki za mwisho za mwaka huleta mkononi fedha ambazo miezi mingine hazionekani: vikoba vingi hufunga mzunguko na kugawana hisa pamoja na faida, vibubu huvunjwa, mwenye zamu ya upatu huchukua chake, na waajiri wengi hulipa mshahara mapema ili watu wawahi safari. Mtu aliyezoea kupanga mambo yake kwa laki nane anajikuta ameshika karibu milioni mbili kwa mpigo, na kila anachokiona sokoni kinaonekana kuwa rahisi. Kinachosahaulika ni kwamba mshahara uliolipwa tarehe 20 Desemba ndio huohuo unaopaswa kumfikisha mwisho wa Januari, yaani karibu wiki sita, na katika wiki hizo shule zitafunguliwa na mwenye nyumba atapiga simu.

Mifano iliyomo humu ni ya mtu anayeishi Dar es Salaam na kwenda Kilimanjaro, kwa kuwa safari hiyo ndiyo inayosifika zaidi kwa gharama za Desemba, lakini hesabu yake itamfaa pia anayekwenda Bukoba, Mbeya au Songea.

Hesabu ianzie Januari

Chukua daftari, fungua ukurasa mpya, na juu yake uandike Januari, si Krismasi. Orodhesha kila kitu ambacho mwezi huo utakidai bila kukuuliza kama unacho. Usiache kitu kwa sababu tu kinaonekana kidogo: elimu bila ada katika shule za umma, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016, iliondoa ada, lakini sare, viatu, begi na madaftari vimebaki kwa mzazi, na mwenye watoto watatu anajua kwamba vitu hivyo vikikusanywa si vidogo tena.

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne. Mshahara wa Desemba ni shilingi 800,000 na mgawo wa kikoba ni 1,100,000, jumla 1,900,000. Januari inadai awamu ya kwanza ya ada ya mtoto mmoja aliye shule binafsi, 400,000; sare, viatu na madaftari ya watoto wote wawili, 130,000; kodi ya miezi mitatu kwa 150,000 kila mwezi, 450,000; na chakula, umeme, maji na nauli za kazini hadi mshahara mwingine uingie, 350,000. Jumla ya Januari ni 1,330,000, hivyo kinachobaki ni 570,000. Nauli ya basi, tuseme 45,000 kwa kila mtu, kwa watu wanne kwenda na kurudi inakuwa 360,000. Zinabaki 210,000. Ukitoa mchango wa kitoweo na vinywaji vya sikukuu, 80,000, fungu la zawadi ni 130,000.

Hapa ndipo panapouma. Mtu aliyeshika milioni moja na laki tisa anaambiwa kwamba za zawadi ni laki moja na thelathini tu, na kishawishi cha kwanza ni kuirudia hesabu hadi ikubali zaidi. Isirudiwe. Wengi huifanya kinyume, yaani hununua kwanza, husafiri, kisha Januari huachiwa makombo, na ndiyo maana mwezi huo unalaumiwa kuwa mgumu wakati ugumu wake ulitengenezwa Kariakoo. Ni afadhali kuusikia uchungu huo kwenye daftari mwanzoni mwa Desemba kuliko kuusikia mbele ya dirisha la mhasibu wa shule.

Hesabu ikishakamilika, fedha za Januari zitengwe siku hiyohiyo. Anayeweza kulipa ada au kodi kabla ya safari na alipe, kisha atunze risiti. Asiyeweza aziweke mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi, kwa mfano katika akaunti ya benki isiyounganishwa na simu. Fungu la zawadi nalo liwe peke yake: ama fedha taslimu ndani ya bahasha, ama kwenye laini ya pili ambayo haina kitu kingine. Fedha zote zikikaa katika laini moja, ada na khanga vinafanana, na menyu ya simu haitakuuliza unachukua ya nani.

Zawadi kwa kaya, si kwa kichwa

Kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote ni kuandika orodha ya watu. Ukoo wa kawaida ukiuandika jina kwa jina, kuanzia babu hadi mtoto mchanga wa binamu, unapata majina 30 au 40, na hakuna fungu la mfanyakazi wa kawaida linaloweza kugawanywa mara 40 na bado likatoa kitu cha maana. Andika kaya. Kaka mwenye mke na watoto watano ni kaya moja na anapokea zawadi moja: mafuta ya kula lita tatu, au unga wa ngano wa maandazi na chapati za sikukuu, kitu ambacho nyumba nzima itakitumia.

Katika mfano wetu, 130,000 inaweza kugawanywa hivi: wazazi 45,000, bibi 15,000, kaya mbili za ndugu 15,000 kila moja, watoto wote kwa pamoja 25,000, na 15,000 zinazobaki ziwe za wasiotarajiwa. Fungu hili la mwisho lisidharauliwe. Shangazi ambaye hakuwa kwenye orodha atatokea tarehe 26 akiwa amevaa vizuri, na ukimpa elfu tano kwa heshima kutoka mahali palipopangwa, hutalazimika kugusa nauli ya kurudi.

Kwa upande wa wazazi, ndugu wakiwa watatu au wanne ni vizuri wakubaliane mapema kununua kitu kimoja cha maana badala ya kila mmoja kuja na mfuko wake. Mama anayepokea blanketi nne kutoka kwa watoto wanne atashukuru mara nne, kisha tatu zitaingia sandukuni; wakichanga, fedha hizohizo zingepata godoro zuri, mtungi wa gesi na jiko lake, au simtanki la kuvunia maji ya mvua. Mchango huo uwe na mtu mmoja wa kuukusanya na tarehe ya mwisho iliyo kabla ya katikati ya Desemba, kwa sababu ahadi za baada ya tarehe 20 hukutana na nauli na kushindwa.

Dada wa kazi asihesabiwe pamoja na ndugu. Ikiwa anakwenda kwao, mshahara wake kamili, nauli yake na kitu cha kumpelekea mama yake viwekwe kwenye hesabu kabla ya zawadi nyingine yoyote. Si haki nyumba ionekane karimu kijijini huku aliyelea watoto mwaka mzima akipanda basi mikono mitupu. Mlinzi na bodaboda wa kila siku, ambao nao hudai ya sikukuu, elfu mbili au tatu zinatosha.

Nini kinunuliwe wapi, na lini

Kilo tano za sukari zinazobebwa kutoka Dar es Salaam hadi Moshi zinasafiri safari ya ajabu kidogo, kwani kiwanda cha sukari cha TPC, chenye mashamba yake ya miwa, kipo Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi. Mchele nao hulimwa katika skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Vitu vizito vinunuliwe huko unakokwenda, katika mji ulio karibu na nyumbani, labda kama umepata tofauti ya bei inayozidi gharama ya mzigo kwenye basi. Kutoka Dar es Salaam beba vyepesi vyenye chaguo kubwa na bei ya jumla: khanga, vitenge, nguo za watoto, viatu.

Khanga na vitenge haviozi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvisubiri Desemba. Anayenunua doti moja Septemba na nyingine Oktoba hulipa bila kuumia, na akiungana na mawifi au majirani wawili watatu wanaweza kupata bei ya jumla ambayo mnunuzi wa doti moja haipati. Kama kuna kitambaa cha kushonwa, kifike kwa fundi mwanzoni mwa Novemba. Fundi cherehani wa Desemba ana lugha moja tu, nayo ni "njoo kesho", na nguo isipokuwa tayari siku ya safari utajikuta unanunua nyingine ya dukani, yaani zawadi moja umeilipia mara mbili.

Nguo na viatu vya watoto ni tofauti. Visinunuliwe mapema mno, maana mtoto anakua, na visinunuliwe kwa kukisia. Mwombe mzazi wake apime mguu kwa uzi, kutoka kisigino hadi kidole kirefu, kisha aulaze uzi huo kwenye rula na kukutumia urefu wake kwa sentimita. Dukani utapima ndani ya kiatu, si soli ya nje, na utaongeza sentimita moja. Kiatu kisichoenea hakiwezi kurudishwa Kariakoo kutoka Rombo. Na kama watoto ni wengi, zawadi ya madaftari na kalamu itawafaa wazazi wao Januari, ingawa wenyewe watafurahia zaidi ikiambatana na pakiti ya biskuti.

Nenda sokoni asubuhi, siku ya kazi, ukiwa na orodha iliyoandikwa na bei ya juu kabisa pembeni ya kila kitu. Bei unayotajiwa mwanzo ni ya kuanzia mazungumzo, na wiki inayoishia Krismasi muuzaji hana haraka ya kupunguza, kwa kuwa nyuma yako kuna foleni. Epuka pia kwenda na watoto, kwa sababu ambazo kila mzazi anazijua.

Kwa wale usiowatembelea, fedha kwa njia ya simu ndiyo zawadi ya kawaida, na hapo makato nayo ni matumizi. Kwa kawaida kutuma 50,000 mara moja hugharimu kidogo kuliko kutuma 10,000 mara tano, hivyo mtumie mmoja anayeaminika ili awagawie wengine, na uweke ya kutolea ndani ya kiasi ulichopanga, si juu yake.

Mikopo na maneno

Zawadi isinunuliwe kwa mkopo. Mkopo wa kausha damu wa 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ukichukuliwa tarehe 20 Desemba, unadai 240,000 Januari, mwezi uleule ambao hesabu yako tayari imebana. Ukishindwa na riba ikaongezwa juu ya deni, Februari unadaiwa 288,000. Programu za simu zinazotoa mikopo ya haraka zina hatari ya ziada: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo wamejulikana kwa kuwapigia ndugu na wakuu wa kazi wa mkopaji ili kumwaibisha. Kwa hiyo shangazi uliyekopa ili umfurahishe anaweza kuwa wa kwanza kupigiwa simu kuhusu deni lako.

Wengi hukopa kwa sababu ya kuogopa maneno, wala si kwa kukosa hesabu. Dawa yake ni kusema mapema. Mpigie mama mwanzoni mwa Desemba, si ukiwa tayari umeshuka Himo: "Shikamoo mama. Tunakuja wote wanne, ila mizigo mwaka huu itakuwa michache, maana mjukuu wako anaingia kidato cha kwanza. Nitakuletea khanga na hela ya mboga, mengine tutasaidiana Pasaka." Mzazi aliyeambiwa hivyo huwa wa kwanza kumtetea mwanawe mbele ya majirani. Ukinyamaza, atakuwa tayari ameshawaambia kwamba unakuja na televisheni.

Tiketi ya kurudi ikatwe pamoja na ya kwenda. Wiki ya kwanza ya Januari mabasi yanayoshuka kutoka kaskazini hujaa, na mwenye haraka huombwa nauli isiyolingana na ile kikomo iliyowekwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Tena bakiza elfu kadhaa za mzigo, kwa sababu mkungu wa ndizi na kiroba cha maparachichi utakavyopewa wakati wa kuaga havikataliwi.

Siku utakayorudi mjini, kabla hujafungua mabegi, andika kwenye lile daftari kiasi halisi kilichotumika kwa zawadi, kaya kwa kaya, pamoja na makato ya simu. Ikiwa kilikuwa 130,000, anza kuweka 13,000 kila mwezi kuanzia Februari, na mwishoni mwa Novemba fungu lote litakuwa limetimia bila kuugusa mshahara wa Desemba wala mgawo wa kikoba.