Mtu Akiuawa na Polisi Kwenye Kizuizi cha Barabarani: Kazi ya Familia Siku za Mwanzo

Usiku wa tarehe 23 Oktoba 2022, mwanahabari wa Pakistani Arshad Sharif alipigwa risasi na polisi akiwa garini, kwenye kizuizi cha barabarani katika kaunti ya Kajiado, Kenya. Polisi walieleza kwamba gari halikusimama na kwamba walilidhania kuwa gari lililoibwa. Tarehe 8 Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado iliamua kuwa kitendo hicho kilikiuka Katiba, ikaagiza mjane wake alipwe shilingi milioni 10. Ushahidi wa kesi kama hii uko katika vitu vitatu, yaani mwili, gari na makaratasi ya kituo, na vyote huanza kuharibika siku ile ile.

Jueni kwanza sheria. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaruhusu bunduki pale tu njia nyepesi zimeshindikana, hasa kuokoa maisha au kujikinga na hatari iliyo karibu ya kuuawa au kuumizwa vibaya. Kupita kizuizi bila kusimama, peke yake, hakumo. Jedwali hilo pia linamtaka mkubwa wa afisa aliyefyatua aripoti mara moja kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA), alinde eneo la tukio, na jamaa wa marehemu wajulishwe mapema iwezekanavyo. Kusema "niliamriwa" si kinga.

Ripoti

Msingoje kituo kipige simu IPOA. Pigeni wenyewe 1559, bila malipo, au fikeni ofisini: makao makuu yako Nairobi, na kuna ofisi Mombasa, Kisumu na Garissa, miongoni mwa nyingine. Malalamiko hayalipiwi, na si lazima yaletwe na jamaa. Hata dereva wa boda aliyeshuhudia anaweza kuripoti. Ombeni namba ya faili na jina la mpelelezi, mkaandike tarehe na saa.

Kituoni ombeni namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Someni maneno yaliyoandikwa ikiwezekana, maana taarifa ya kwanza ("jambazi", "alifyatua kwanza", "gari lilitaka kumgonga afisa") ndiyo itakayorudiwa magazetini na mahakamani. Kisha wakili aandike barua mapema, inayotaka vitu vifuatavyo vihifadhiwe: nakala za OB, orodha ya maafisa waliokuwa zamu, kumbukumbu za redio, na rejista ya kutoa na kurudisha silaha. Rejista hiyo ndiyo inayoonyesha bunduki ipi ilikuwa mikononi mwa nani usiku huo. Bila yake, maganda ya risasi yanabaki bila mwenyewe. Ikidaiwa kuwa bastola ilipatikana garini, barua itake alama za vidole na vinasaba vichukuliwe kabla haijashikwashikwa.

Gari

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza kesi bila kujua. Gari huvutwa hadi uani mwa kituo, mvua inanyesha, kioo kinaanguka vipandevipande, na baada ya wiki mbili mnaambiwa mje mlichukue. Msilichukue kabla IPOA haijalikagua kwa maandishi, hata kama ni la mkopo na benki inapiga simu kila siku. Likishafika kwa fundi, hakuna tena ushahidi.

Mkiruhusiwa kulifikia, msiguse. Pigeni picha gari zima kutoka pande nne na pembe nne. Halafu kila tundu kwa umbali wa mita moja hivi. Halafu kwa karibu, kamera ikiwa imelielekea moja kwa moja, rula kando yake. Pimeni urefu wa tundu kutoka ardhini. Bati hujikunja kuelekea risasi inakokwenda, na kwenye kioo cha mbele tundu huwa pana zaidi upande risasi inakotokea. Matundu yote yakiwa nyuma, maelezo kwamba gari lilikuwa likimwendea afisa yanakuwa magumu kuaminika. Vioo vya milangoni husagika vyote, kwa hiyo picha zilizopigwa barabarani kabla ya gari kuvutwa ni za thamani kubwa kuliko zenu. Zitafuteni kwa wapita njia.

Ganda la risasi mkiliona, lipigeni picha lilipo, pamoja na kitu kisichohama kama mlingoti wa taa, mumwite mpelelezi. Mkiliokota, litapingwa.

Mwili

Mwili ukiwa mochari, andikeni mara moja kwamba usidungwe dawa ya kuhifadhi hadi upasuaji wa uchunguzi ufanyike, friji inatosha. Dawa hiyo huvuruga vipimo vya sumu na pombe, na swali la pombe halikosi kuulizwa dereva akiuawa. Upasuaji hufanywa na daktari wa serikali, polisi wakiwa wamejaza fomu ya kuomba uchunguzi. Familia inaweza kuleta daktari wake wa patholojia ashuhudie. Mkikosa uwezo, IMLU, shirika la Nairobi la madaktari na mawakili wa haki za binadamu, husaidia kumpata. Pwani ulizeni mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI au HAKI Africa.

Daktari wenu ahakikishe haya:

- Eksirei ya mwili mzima kabla ya kisu, ili vipande vya risasi visiachwe ndani.
- Picha za kila jeraha zikiwa na kipimo, na maelezo ya njia ya risasi: ilikoingilia, ilikopita, ilikotokea.
- Kama kuna masizi au vidoa vya baruti kuzunguka jeraha. Vikiwepo, bunduki ilikuwa karibu sana; vikikosekana kwenye ngozi na kwenye nguo, hadithi ya kunyang'anyana bunduki inatiliwa shaka.
- Kila risasi iliyotolewa ifungwe peke yake, ipigwe lakiri, na namba ya lakiri iandikwe na pande zote mbili.

Kosa la kawaida ni kuamua ilikoingilia kwa kuangalia ukubwa wa jeraha. Risasi iliyopenya bati au kioo kwanza hufika ikiwa imepinda na inayumba, ikaingia kwa jeraha kubwa lenye kingo zilizochanika. Asiye mzoefu husema ni jeraha la kutokea, na hapo mtu aliyepigwa mgongoni anageuzwa kuwa aliyepigwa kifuani.

Nguo ziombeni zibaki kama ushahidi. Zikikabidhiwa kwenu, msizifue: zianikwe kivulini zikauke, ziwekwe kila moja katika mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huozesha damu.

Familia za Kiislamu zitataka kuzika haraka, na ni haki yao. Ombeni upasuaji ufanyike alfajiri hiyo hiyo. Mkizika bila huo, kufukua kutahitaji amri ya mahakama.

Mashahidi na video

Kamera za maduka na vituo vya mafuta hufuta rekodi zake zenyewe, nyingine ndani ya siku chache. Nendeni siku ya kwanza, mnakili faili zima kwenye diski, mkaandike saa inayoonyeshwa na kamera na saa halisi. Video ya simu isitumwe kwa WhatsApp pekee, maana hubanwa na kupoteza taarifa zake; simu yenyewe ihifadhiwe. Shahidi aandikishe maelezo kwa lugha anayoielewa na asomewe kabla ya kutia sahihi. Akitishwa, kuna Wakala wa Ulinzi wa Mashahidi.

Mahakama

IPOA hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye huamua. Inaweza kuchukua miaka, kwa hiyo kesi yenu ya madai isingoje kesi ya jinai. Dai la kawaida dhidi ya serikali lina miezi 12 tu, na anayedai kwa niaba ya mali ya marehemu huhitaji kwanza kibali cha mahakama cha kumwakilisha. Ombi la kikatiba chini ya kifungu cha 26, haki ya kuishi, halibanwi na miezi hiyo, ingawa kuchelewa bila sababu huliua. Anayekuja na bahasha ya "kumaliza mambo" na karatasi ya kutia sahihi, mwelekezeni kwa wakili.

Mkishinda, mali ya serikali haikamatwi na dalali. Wakili huchukua cheti cha amri ya malipo, anakikabidhi kwa Mwanasheria Mkuu na wizara husika, na wakinyamaza anarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhasibu alipe.