Mtoto akiuliza "mbona chuma kina baridi?": namna ya kumjibu kwa jaribio

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na maswali yaliyonitoa jasho kuliko yote yametoka kwa watoto ambao hata kusoma hawajui. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani huuliza atumie kanuni ipi. Mtoto wa miaka mitano anashika kitasa cha chuma, anashika mlango wa mbao, kisha anakutazama usoni: mbona hiki kina baridi na huu hauna? Wengi wetu tunamjibu upesi, "chuma ndivyo kilivyo", na swali linafia hapo hapo.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu anayetaka swali lile liendelee kuishi. Maabara huihitaji. Tafuta vipande vya barafu, uzi, mawe mawili, tochi, glasi ya maji, maziwa kidogo na simu yenye kipima muda. Kisha uwe na subira ya kunyamaza wakati jibu liko tayari ulimini. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ngumu hadi leo.

Hatua ya 1: Nyamaza, umwache atabiri

Tuanze na chuma chenyewe. Usiku, weka mezani sufuria nzito ya alumini iliyofunikwa kifudifudi, na kando yake ubao mnene. Viache hadi asubuhi, mbali na jua na jiko. Kukicha, mwambie mtoto aweke kiganja kimoja juu ya sufuria na kingine juu ya ubao. Atakwambia sufuria ina baridi zaidi. Usimbishie, kwa sababu hata wewe utaihisi hivyo.

Sasa toa vipande viwili vya barafu vinavyolingana, umuulize: nikiweka kimoja juu ya sufuria na kingine juu ya ubao, kipi kitayeyuka kwanza? Akishajibu, muulize sababu. Liandike jibu lake, au achore mwenyewe. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka. Mtoto ambaye hajatabiri hutazama barafu dakika moja akaondoka. Aliyetabiri huinama mezani hadi mwisho, maana anataka kujua kama amepatia.

Karibu kila mtoto niliyemuuliza, pamoja na watu wazima wengi, huchagua ubao. Ubao "una joto", kwa hiyo ndio utakaoyeyusha barafu. Ni hoja nzuri kabisa kwa mtu anayeamini mkono wake.

Hatua ya 2: Weka barafu, mtazame pamoja

Weka vipande vyote viwili kwa wakati mmoja. Ndani ya dakika chache cha kwenye sufuria kitakuwa kimeanza kuogelea kwenye maji yake, huku cha kwenye ubao kikiwa bado na kingo zake. Kile kilichohisiwa kuwa baridi ndicho kinachoyeyusha barafu haraka! Hapo nyamaza tena. Mwache aguse sufuria, aguse ubao, arudie. Nimewaona watoto wakibadilisha vipande vya barafu mahali wakidhani kimoja kilikuwa kibovu, na huo ndio uchunguzi wa kweli.

Jambo moja la kiufundi. Mara ya kwanza kufanya jaribio hili mbele ya watoto nilitumia kijiko chembamba, na tofauti ikawa ndogo mno hadi wakaanza kubishana. Kijiko chembamba kina akiba ndogo ya joto. Barafu inaimaliza upesi, kijiko kinapoa, na kazi inazorota. Tumia chuma chenye uzito.

Hatua ya 3: Sasa eleza, kwa maneno machache

Sufuria na ubao vimelala chumba kimoja usiku kucha, kwa hiyo halijoto yao ni moja, tuseme nyuzi 25. Ngozi ya kiganja iko karibu nyuzi 33. Joto husafiri kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini, kwa hiyo ukigusa kimojawapo, joto linatoka mkononi mwako. Tofauti iko kwenye mwendo wake. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao. Joto likiingia kwenye alumini linatawanyika papo hapo na kuacha nafasi ya lingine kufuata. Likiingia kwenye mbao linakwama pale pale ulipogusa, na muda si mrefu sehemu hiyo ndogo ya ubao inakaribia joto la kiganja chako.

Ngozi yako haina namna ya kupima halijoto ya sufuria. Inachohisi ni hali yake yenyewe, jinsi inavyopoa. Ikipoa haraka unasema "baridi!" Na njia ile ile inayobeba joto lako upesi ndiyo inayolipeleka joto la sufuria kwenye barafu upesi.

Kwa mtoto mdogo mimi husema tu: chuma kinapitisha joto mbio, mbao inalipitisha kwa kusuasua. Inatosha. Maneno ya vitabuni atayapata baadaye, akiwa tayari na kitu cha kuyaning'inizia.

Hatua ya 4: Geuza jaribio upande wa pili

Maelezo yakiwa ya kweli, lazima yatabiri jambo jipya. Muulize: tukiweka sufuria na ubao juani hadi vyote viwe na moto kuliko mkono, kipi kitahisiwa kuwa na moto zaidi? Akisema sufuria, ameelewa: sasa joto linaelekea mkononi, na chuma kinalileta mbio. (Gusa wewe kwanza. Juani chuma kinaweza kuunguza.)

Kisha lete blanketi. Funga kipande kimoja cha barafu ndani yake, kingine kiache wazi kwenye sahani. Watoto wengi hulia "kitayeyuka kile cha kwenye blanketi!", kwa kuwa wanajua blanketi linaleta joto. Fungueni baada ya muda, mtakuta cha kwenye blanketi ndicho kimebaki kikubwa. Blanketi halina joto la kumpa mtu. Linazuia joto kupita, liwe linatoka mwilini kwenda nje au linatoka nje kwenda kwenye barafu. Nalipenda jaribio hili kuliko yote kwa sababu linagusa kitu ambacho mtoto hujifunika kila usiku.

Hatua ya 5: Lete kipima muda

Maswali mengine hayatatuliki kwa kugusa, yanadai kuhesabu. Nilipokuwa mdogo nilisumbuliwa na bembea. Kaka yangu alikuwa mzito kuliko mimi, na nilikuwa na hakika kwamba bembea yake ilienda na kurudi upesi zaidi. Tulibishana bila kupima, na ugomvi wa namna hiyo hauishi.

Funga jiwe kwenye uzi, uuning'inize mahali imara, kiasi kwamba kutoka pale ulipofungwa juu hadi katikati ya jiwe ni mita 1 kamili. Kosa la kawaida ni kupima hadi kwenye fundo. Pima hadi katikati ya jiwe. Livute pembeni kidogo, uliachie bila kulisukuma. Hesabu kwenda na kurudi mara 10, kisha usimamishe kipima muda. Utapata karibu sekunde 20.

Kwa nini mara 10? Kidole hakibonyezi simu kwa wakati sahihi kabisa. Ukipima mara moja tu, kuchelewa kwako kote kunaangukia kwenye kipimo hicho kimoja. Ukipima mara 10 kisha ukagawanya, kosa nalo linagawanyika.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Funga jiwe zito zaidi kwa urefu ule ule: sekunde 20 tena. Rudisha la kwanza, livute mbali zaidi kidogo: karibu 20 tena. Hapo mtoto huanza kudhani kuwa simu imeharibika. Ndipo umwambie afupishe uzi uwe robo, yaani sentimita 25, na atabiri. Wengi husema sekunde 5, robo ya muda. Watapata 10. Urefu ukiwa robo, muda unakuwa nusu, kwa sababu muda unafuata kipeuo cha pili cha urefu: kipeuo cha pili cha robo ni nusu, maana nusu mara nusu ni robo.

Uthabiti huu ndio uliomwezesha Christiaan Huygens, mwanasayansi Mholanzi, mwaka 1656, kubuni saa inayoongozwa na kitu kinachoning'inia na kubembea.

Mtoto mkubwa kidogo anaweza kwenda mbele zaidi na kupima nguvu ya mvutano wa dunia kwa jiwe lake. Chukua 39.5, zidisha kwa urefu wa uzi kwa mita, kisha gawanya kwa muda wa kwenda na kurudi mara moja, muda huo ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Kwa mita 1 na sekunde 2.01 unapata takriban 9.8. Hiyo ndiyo namba iliyoko vitabuni: kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Kuipata kwa uzi na jiwe ni furaha ambayo sijaizoea mpaka sasa.

Na uzito? Jiwe zito huvutwa kwa nguvu kubwa zaidi, lakini pia ni gumu zaidi kulisogeza, kwa kiwango kile kile. Mawili hayo yanafutana. Ndiyo sababu karatasi iliyofinyangwa kuwa kidonge na kitabu vikiachiwa pamoja kutoka kimo cha mtu hufika chini karibu pamoja, wakati karatasi iliyokunjuliwa huchelewa kwa kuzuiwa na hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, ambako hakuna hewa, vikagusa udongo kwa pamoja.

Kaka yangu, basi, hakuwa na bembea ya kasi kwa sababu ya uzito wake. Ila alipenda kubembea akiwa amesimama. Mtu akisimama, katikati ya mwili wake hupanda, na ni kama kamba imefupishwa. Huenda niliona sawasawa, nikakosea sababu tu.

Hatua ya 6: Maswali ya mbali

Radi huiwezi kuileta mezani, lakini unaweza kuihesabu, mkiwa ndani ya nyumba. Mwanga husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo unauona mara moja. Sauti hutembea takriban mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde 3. Hesabuni tangu mmweko hadi ngurumo, gawanyeni kwa 3, mtapata umbali kwa kilomita. Ikiwa hesabu ni chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na hapo mtoto asitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

"Mbona mwezi unanifuata?" Mwambie atembee akitazama mti wa karibu, halafu kilima cha mbali. Mti unabaki nyuma upesi, kilima kinabaki polepole. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Kutembea kilomita nzima hakubadilishi upande anaouona kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukigundua, kwa hiyo unaonekana kuandamana naye.

Hatua ya 7: Anga ndani ya glasi

Hili fanyeni usiku, taa zikiwa zimezimwa. Jaza glasi maji safi, mulika kwa tochi nyeupe kutoka ubavuni. Mwanga unapita bila kuonekana vizuri. Dondosha tone moja la maziwa, koroga, mtazame. Ongeza la pili. Polepole maji, yakitazamwa kutoka pembeni, yanachukua ubuluu hafifu, na tochi ikitazamwa kupitia maji inageuka manjano, kisha rangi ya machungwa kama jua linalozama.

Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, na kila rangi ni wimbi lenye urefu wake. Wimbi la buluu lina nanomita (sehemu za bilioni za mita) 450 hivi, jekundu karibu 700. Chembe zilizo ndogo kuliko mawimbi hayo huutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, na kwa molekuli za hewa tofauti ni takriban mara 6. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliipigia hesabu mwaka 1871. Mchana buluu iliyotawanyika inatufikia kutoka kila upande wa anga. Jua likiwa chini kwenye upeo, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi mno, buluu inaishia njiani, na kinachotufikia ni chekundu.

Sasa mtoto atataka kumimina maziwa yote. Mwache. Buluu itatoweka na glasi itakuwa nyeupe tu, kwa sababu mwanga sasa unagongwa na kurushwa mara nyingi sana hadi rangi zote zinatoka pamoja. Akikugeukia na kuuliza kama ndiyo sababu mawingu ni meupe, mwambie amekaribia sana: matone ya wingu ni makubwa mno kuliko wimbi la mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawa. Halafu umuulize anadhani wingu zito la mvua huwa jeusi kwa nini.