Unayeyusha betri mbovu kupata chubwi? Soma hii kabla hujawasha moto

Hii nawaandikia wavuvi wa huku kwetu Tanga, Sahare, Mwambani, Tongoni mpaka kule Moa, ila zaidi nawaandikia wake zao na mama zao maana ndio wanaofua zile nguo za kuyeyushia. Si mnajua ilivyo, chubwi za dukani, vile vizito vya nyavu na mshipi, bei imepanda, betri ya gari iliyokufa unaipata kwa fundi kwa hela ya kawaida tu na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, ile metali nzito yenye sumu sio ya bunduki, halafu risasi yenyewe inayeyuka kwa nyuzi 327 tu yaani moto wa mkaa unatosha kabisa, basi mtu anakaa nyuma ya nyumba na karai na upawa wa chuma, mpaka alasiri nyavu mbili zimepata vizito. Shemeji yangu alifanya hivyo chini ya mwembe wetu miaka na miaka na mimi ndo nilikuwa nampepelea jiko, kwa hiyo sisemi kumsuta mtu.

Kilichonishtua ni mtoto wa dada. Siku moja namuona anamung'unya kitu nikajua jojo, kumbe ni risasi, si ile ikidondoka kwenye mchanga inapoa inakuwa vipunje vinang'aa kama fedha, yeye alikuwa anaviokota anavipanga kwenye kifuniko cha ndoo na viwili vikawa mdomoni. Nikamtia kidole nikavitoa. Nilivyomwambia shemeji akacheka akasema mpe maziwa atakuwa sawa.

Tuanzie hapo hapo kwenye maziwa maana Tanga hii maziwa ndo dawa ya kila kitu. Mpiga rangi anakunywa, fundi welding anakunywa, eti yanaosha kifua. Hayaoshi. Risasi ikishaingia kwenye damu mwili unaidhania ni kalsiamu, unaipeleka kwenye mifupa na kuihifadhi huko miaka 10, 20 na zaidi, na mwanamke akija kubeba mimba mifupa inaachia kalsiamu kwa ajili ya mtoto na ile risasi ya zamani inatoka nayo pamoja. Maziwa kazi yake ni nyingine, mtu ambaye mwili wake hauna upungufu wa kalsiamu wala wa madini ya chuma ananyonya risasi kidogo kuliko mwenye upungufu. Kwa hiyo mpe mtoto maziwa, mpe dagaa, maharage, mchicha na ndimu juu yake, ila ujue unapunguza kinachoingia, kilichokwishaingia hujakigusa.

Na watu wanaogopa moshi tu. Moshi mbaya kweli, lakini unapita. Vumbi linabaki. Risasi haiozi, haiungui ikaisha, haina harufu ya kukustua, ikianguka uani leo mtoto wa mtoto wako ataikuta pale pale. Angalia yaliyotokea Senegal, mtaa wa Thiaroye-sur-Mer pembeni ya Dakar, watu walikuwa wanachakata betri mpaka mchanga wa mtaa mzima ukajaa risasi, kina mama wakawa wanauchekecha ule mchanga wapate vipande vya kuuza na watoto wako mgongoni, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 wakafa watoto 18. Watafiti walipokwenda wakachunguza watu 81, ndugu wa waliokufa na majirani, wote walikuwa na sumu ya risasi, na vumbi lake lilikutwa mpaka ndani ya nyumba. Tena mbali kote huko kwa nini, Mombasa hapo ukivuka Horohoro, mtaa wa Owino Uhuru ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, Phyllis Omido aliyekuwa mfanyakazi mtoto wake akaugua, wanapima malaria hamna, wanapima homa ya matumbo hamna, kumbe risasi. Akapigania mtaa wake mpaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikapanda mahakama za juu.

Haya sasa tufanye nini.

La kwanza kabisa ni kuacha kuyeyusha, najua utasema rahisi kusema, lakini jaribu kwanza. Nyavu haina macho, inachotaka ni uzito. Nati kubwa za garage, vipande vya nondo, mnyororo uliochakaa, saruji uliyomwaga kwenye vipande vya bomba na kuacha tundu la kamba, vyote vinazamisha. Saruji itakuwa nene kidogo na kwenye mshipi wa mkono haifai sana hiyo nakubali, ila kwa jarife, ule wavu mkubwa, inafanya kazi. Na ile betri mbovu iuze nzima nzima, usiivunje, usimwage maji yake, yale ni tindikali na yana risasi ndani yake. Ibebe imesimama kwenye ndoo ya plastiki. Anayekusanya betri chakavu kisheria anatakiwa awe na kibali kwa sababu ni taka hatarishi, muulize, akianza kukukalia kooni tafuta mwingine.

Kama utayeyusha tu, maana wapo watakaoyeyusha, basi iondoe kazi nyumbani. Sio nyuma ya nyumba, sio barazani, sio chini ya mwembe wanapocheza watoto. Nenda mbali na watu, mbali na kisima, upepo ukupige mgongoni. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wa risasi, usijidanganye. Usikoleze moto mpaka chungu kiwe chekundu, ikishakuwa maji maji inatosha, kadiri unavyozidisha moto ndo mvuke unavyozidi. Na kitu kingine ambacho watu wameungua nacho uso, mchanga wa kumwagia uwe mkavu kabisa, tone moja la maji chini ya risasi ya moto linageuka mvuke kwa kishindo na risasi yote inaruka juu. Siku ya mvua acha. Plastiki ya betri usiichome.

Usile wala kuvuta sigara pale pale na mikono ile ile. Na usifanye kazi hii na njaa, tumbo tupu linanyonya risasi nyingi kuliko lenye chakula, kwa maana hiyo Ramadhani iahirishe kabisa chubwi zitasubiri Idi.

Sasa nguo, hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikiwa. Uwe na nguo moja ya kazi hiyo tu na kandambili za kazi hiyo tu, zivue huko huko, zitie kwenye mfuko ufunge. Uoge kwa sabuni na nywele pia kabla hujaingia ndani, kabla hujambeba mtoto, hata akikukimbilia mlangoni analia mwambie subiri. Ile nguo usiikung'ute. Ifuliwe peke yake, beseni lake, na maji yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha, yaende chooni. Shemeji alikuwa anarudi anajilaza kitandani na kanzu ile ile ya kuyeyushia, mtoto katikati yao, mpaka leo nikikumbuka naumia.

Nyumba ambayo imeshafanyiwa kazi hiyo zamani nayo inasafishika, sio kwa fagio la chelewa ndugu yangu, ukifagia pakavu unalirusha vumbi hewani linakuja kutua kwenye sufuria. Pangusa kwa tambara lenye maji na sabuni, sakafu, madirisha, chini ya kitanda, suuza tambara kwenye ndoo nyingine usiwe unarudisha uchafu pale pale, rudia wiki hata wiki. Uani okota vipunje vyote vinavyoonekana (umevaa glavu au mfuko mkononi), halafu pale palipokuwa na jiko pafunike kwa udongo safi uushindilie, ukiwa na uwezo mwaga zege. Sisi tulimwaga zege kipande cha kama mkeka mmoja wa kuswalia halafu pembeni tukajaza kifusi kutoka mbali. Watoto wahamishie upande mwingine wa kucheza, kucha zao zikatwe, mikono inaoshwa kabla ya kula na kabla ya kulala. Kuku jamani msiwasahau, kuku wanaochakura penye risasi mayai yao yanakuwa nayo, wafungie au wahamishe.

Kupima. Dalili hazikusaidii sana, na hilo ndo baya lake. Mtu mzima tumbo linamkata, choo kigumu, presha inapanda, anasahau sahau na hasira za bure. Mtoto anapungukiwa damu, hataki kula vizuri, shule haendi mbele, na ikizidi sana ndo degedege na kupoteza fahamu. Zote hizo mtu atakwambia ni minyoo au mtoto mtundu tu. Na mtoto mdogo risasi anayomeza mwili wake unainyonya mara 4 mpaka 5 kuliko wa mtu mzima, ndio maana mwenye kazi anaweza kuwa mzima anapiga soga na mwanae anaumia. Kwa hiyo ukifika hospitali sema wewe mwenyewe usingoje kuulizwa, mwambie daktari "nyumbani kuna mtu anayeyusha betri, nataka mtoto apimwe risasi kwenye damu". Sio kila maabara ina kipimo hicho, muulize sampuli inaweza kupelekwa wapi. Afadhali damu ya mshipa kuliko ya kidole maana kidole kikiwa na vumbi kinadanganya kipimo.

Majibu yakija, Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kuwa ni salama, lakini kuanzia maikrogramu 5 kwa desilita ya damu linasema chanzo kitafutwe na kiondolewe, na mtoto akifika 45 au zaidi ndo kuna dawa za kutoa risasi mwilini na hizo ni za hospitali. Wale wanaouza majani ya kusafisha damu pale sokoni waache na majani yao. Usimrudishe mtoto aliyetibiwa kwenye uwanja ule ule kabla hujausafisha, anaanza upya. Mkikiondoa chanzo, ya kwenye damu inapungua taratibu kadiri miezi inavyopita, ya kwenye mifupa ndo hiyo nilishasema, kwa hiyo pimeni tena baada ya miezi kadhaa mjue kama mmefanikiwa au kuna mahali mmepasahau.

Sisi tulipasahau. Lile karai. Shemeji aliacha kazi, uani tumemwaga zege, tumesugua nyumba mpaka mikono imetoka malengelenge, halafu siku ya shughuli naingia jikoni namkuta bi mkubwa mmoja anakaangia visheti kwenye karai lile lile la risasi, kalisugua kwa jivu linang'aa. Karai, upawa na jiko la kuyeyushia havirudi jikoni milele, na usimgawie jirani. Toboa matundu chini ili asiyejua asije akalitamani, na lile gamba linalobaki juu ya risasi ukishayeyusha, lile la kijivu linalovunjika vunjika, usilitupe jalalani wala baharini, litie kwenye kopo lenye mfuniko, ufunge, umpe huyo huyo anayechukua betri.