Thrila yako inaanzia ufukweni? Anza na maji

Wadogo zangu mnaosoma filamu hapa Bagamoyo, kabla hamjaandika nani kamuua nani nendeni alfajiri pale soko la samaki na simu tu mkononi mkaangalie bahari. Maji yakijaa yanachukua kama masaa 6 kupwa, na kila siku yanachelewa dakika 50 hivi, kwa hiyo ukishuti nyayo mchangani leo saa 12 asubuhi halafu ukarudi kesho saa ile ile kumalizia, ufukwe sio ule tena na mtazamaji anashtuka kabisa. Jua letu linatokea baharini na ule mwanga wa bluu kabla halijatoka hauzidi nusu saa, panga shoti 3 au 4 basi: ngalawa imetia nanga, nyayo zinaingia majini, zinazotoka hakuna. Mtu tayari ana swali na hujatamka neno hata moja! Jina la mhusika, kazi yake, vyote visubiri.

Na sauti jamani, upepo wa pwani unaharibu sana, funikeni maiki, halafu rekodini mawimbi peke yake dakika nzima, mtayahitaji kwenye kuediti.