Kabla hujawatoa darasa la kwanza kwenda kucheza hesabu

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha darasa la kwanza, katika shule moja ya huku Ilemela, Mwanza, niliingia darasani na kopo la maharage. Mpango ulikuwa mzuri kichwani: kila mtoto achukue kumi, agawe mafungu mawili, atuambie amepata ngapi na ngapi. Dakika ya sita mtoto mmoja alikuwa na harage puani. Kipindi kilichobaki nilikimalizia njiani kuelekea zahanati, mtoto mgongoni, dada yake wa darasa la nne akitufuata nyuma analia kuliko mgonjwa mwenyewe. Wengine themanini na kitu walibaki na mwalimu wa chumba cha jirani, ambaye sikuwa nimemwambia lolote.

Mchezo wenyewe haukuwa na ubaya. Nimeurudia mara nyingi tangu siku ile, na bado naupenda. Shida ilikuwa jioni iliyotangulia, nilipolala bila kuuwaza mpaka mwisho. Kwa hiyo haya ninayoandika ni mambo ya jioni ile, ya mwalimu aliyekaa mezani kwake na chai, kesho ana kipindi cha dakika thelathini na watoto wa miaka sita na saba.

Anza na namba. "Kesho tutacheza hesabu" si mpango. Unataka wapate nini? Kuunda kumi kwa njia mbalimbali? Kutoa ndani ya kumi? Kutambua vitu vinne kwa kutupia jicho tu bila kuvihesabu? Chagua kimoja. Ukiondoa muda wa kuingia, kukaa, kugawa vifaa na kuvikusanya, katika zile dakika thelathini unabaki na kumi na nane, ishirini ukiwa na bahati. Mchezo mmoja unatosha, na afadhali uwe ule ambao utaurudia Jumatano na Ijumaa, maana siku ya kwanza watoto hujifunza sheria tu. Hesabu huanza siku ya pili.

Halafu hesabu watoto. Kwa kweli, siyo kwa kukisia. Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa ya mwanzo yamejaa, na mchezo ulioandikwa kwa ajili ya watoto ishirini hauwezi kubebwa ulivyo. Tuseme rejista ya asubuhi inasema 83. Ukiwaweka wawiliwawili unapata jozi arobaini na kundi moja la watatu, yaani seti arobaini na moja. Kila seti ikihitaji visoda (vifuniko vya chupa za soda) kumi, unatafuta visoda 410. Hivyo havipatikani usiku mmoja. Mwambie muuza soda wa jirani na shule akuwekee kwenye mfuko kwa wiki mbili tatu, na ukivipata vioshe kwa sabuni, kwa sababu soda iliyokaukia ndani huita sisimizi, na darasa lenye sisimizi halina tena somo. Vyenye kingo zilizofumuka au kutu vitupe. Usiwaze sana kuhusu rangi. Ukipata vya rangi mbili ni vizuri, usipopata chora alama ya chaki upande mmoja.

Kifaa ninachokipenda kupita vyote ni trei ya mayai. Ile ya kawaida ina nafasi thelathini, tano kwa sita. Ukiikata vizuri inatoa vipande vitatu, kila kimoja kina safu mbili za nafasi tano, na hapo mtoto anaiona kumi badala ya kuambiwa habari zake. Akiweka visoda saba, safu ya juu imejaa, ya chini ina viwili, na nafasi tatu ziko wazi zinamwangalia. Hajahitaji kukariri kwamba saba na tatu ni kumi. Kwa seti 41 unahitaji trei 14, na utabakiwa na kipande kimoja cha akiba, ambacho kitahitajika, niamini. Mama lishe na wakaanga chipsi wanazo tele. Chukua zilizo kavu na safi tu, zile zilizovunjikiwa yai ziache hukohuko.

Kwa nini nasisitiza wawiliwawili? Kwa sababu mchezo unaochezwa na mtoto mmoja mbele huku themanini na wawili wakishangilia ni burudani. Kabla sijaukubali mchezo wowote najiuliza mikono mingapi itakuwa bure kila dakika. Ikizidi nusu ya darasa, naubadilisha au nauacha, hata uwe mtamu namna gani.

Sheria nazo zijaribu mwenyewe, kwa mikono yako, kabla hujawapa watoto. Mimi nina mchezo wa sangara na furu, samaki mkubwa na samaki wadogo anaowala. Kila jozi ina furu kumi, ambao ni visoda, ndani ya ziwa, ambalo ni kipande cha trei. Mwalimu anarusha dadu kubwa ya boksi. Sangara anakula idadi iliyotokea, mwenzake anasema wamebaki wangapi, kisha wanabadilishana. Watoto wa huku hawahitaji kuelezwa sangara ni nani. (Wasichojua, na unaweza kuwasimulia mkisubiri kengele, ni kwamba aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na akawamaliza furu wa aina nyingi kwelikweli.) Sasa, wamebaki furu watatu, dadu imesema tano. Inakuwaje? Mara ya kwanza sikuwa na jibu, na darasa zima liligawanyika vyama viwili. Siku hizi sheria inajulikana mapema: sangara analala njaa mpaka itokee namba anayoiweza. Mtoto anayesema "tano haiwezekani, wako watatu tu" amefanya hesabu nzuri pengine kuliko aliyejibu sahihi.

Dadu hiyo kubwa ina faida nyingine: mnakwenda pamoja, na moja inatosha darasa zima. Itengeneze kwa boksi lenye pande sawa, nukta zikipangwa kama za dadu ya kawaida, ambapo pande zinazotazamana hujumlishwa kuwa saba. Usizitawanye ovyo. Jicho la mtu hukamata vitu vitatu au vinne bila kuhesabu, na kwa nukta tano na sita mpangilio ndio unaomsaidia. Wakishauzoea mchezo, wape dadu ndogo za kipande cha kandambili kuukuu, kila jozi iende kwa mwendo wake.

Lugha ni eneo ambalo walimu wengi tunalipita haraka, na mimi ningekaa hapo jioni nzima. Kiswahili kinamsaidia mtoto mahali fulani na kumkwaza mahali pengine. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: neno lenyewe limekupa jibu. Ukifika ishirini, daraja limekatika. Ishirini, thelathini, arobaini ni maneno ya asili ya Kiarabu ambayo hayamwonyeshi mtoto kuwa ni makumi mawili, matatu, manne. Kwa hiyo mchezo wowote utakaovuka kumi na tisa uandalie lugha yake: kwa siku kadhaa tuseme yote mawili, "makumi mawili, ishirini, makumi mawili na moja, ishirini na moja," huku vipande viwili vya trei vilivyojaa viko mezani.

Kuna na upatanisho. Mawe mawili, visoda viwili, samaki wawili, halafu ghafla mawe sita, visoda sita, samaki sita, wala hakuna kinachobadilika. Mtoto anayezungumza Kisukuma au Kikerewe nyumbani atakuambia "visoda mbili", na atakuwa amehesabu sawasawa. Amua mapema kwamba katikati ya mchezo husahihishi sarufi. Itikia tu, "naam, visoda viwili," endelea. Ukimkatiza, kesho atanyamaza na hutajua tena anachokijua.

Yapime pia maneno ya maelekezo. "Saba toa tatu": yupo mtoto atakayechukua vitatu na kukutolea mkononi kwa heshima zote. "Tofauti ya saba na nne ni nini?" Niliwahi kujibiwa kwamba nne ina kiti, na ukiitazama ilivyoandikwa, kweli inafanana na kiti kilichopinduliwa. Kwa sababu hiyo sielezi mchezo kwa maneno. Naita watoto wawili siku moja kabla, wakati wa mapumziko, nacheza nao mpaka waelewe, na kesho yake wao ndio wanaoonyesha mbele wakati mimi nimenyamaza.

Kabla ya kubuni chochote, waulize wanacheza nini nyumbani. Mdako tayari ni somo la hesabu. Unarusha jiwe juu, unakomba mawe yaliyo shimoni, unarudisha yote na kubakiza moja, raundi inayofuata mawili, kisha matatu, na jicho haliachi lile jiwe la hewani. Wasichana wa Mabatini wanaufanya huo bila kufikiri. Cha kuangalia ni kwamba kila mtaa una sheria zake, na watoto watagombana kwa dakika kumi juu ya sheria. Kubalianeni mbele, na mawe yawe ya mviringo. Kokoto zetu za Mwanza zinapasuliwa kutoka kwenye miamba migumu na kingo zake zinakata.

Hapo nilitaja mawe, niseme na la ziwani. Shule zilizo karibu na maji, Igombe, Kayenze, Luchelele, zina kishawishi cha kuwatuma watoto ufukweni waokote makombe ya konokono ya kuhesabia. Usiwatume. Ndani ya baadhi ya konokono wa maji hukua vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, na mtoto aliyetumwa makombe hataishia mchangani. Kama unayataka, yaokote mwenyewe pakavu, yakae juani siku kadhaa. Lakini visoda vipo.

Uwanja utembelee siku moja kabla. Viwanja vingi vya mjini hapa vimeinama au vina jiwe linalochomoza katikati, na mbio za namba kwenye mteremko mshindi wake ni anayekimbia kuteremka. Upepo wa ziwani hupeperusha karatasi, kwa hiyo kadi za namba ziwe za boksi zito au ziandikwe chini kwa kijiti. Vipindi vya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Oktoba, uwe na mchezo wa akiba usiotegemea sauti, kwani bati likianza kupigwa hakuna atakayekusikia. Wangu ni wa vidole: nanyoosha vinne, nao wananyoosha vilivyopungua kufika kumi.

Ule mchezo wa kukimbia mkiimba, kisha mwalimu anaita "wannewanne!" na kila mmoja anatafuta kundi, huwa unapendwa mno, na huwa unaumiza. Wanaobaki nje ni walewale kila mara, mgeni, mnyonge, mwenye sare iliyochanika. Fanya hesabu kabla. Kwa watoto 83, wannewanne wanabaki watatu, watanowatano watatu, kumikumi watatu vilevile, wawiliwawili mmoja. Ukijua hilo, unawapa waliobaki kazi ya kuhesabu makundi na kutangaza, na unawaita kwa jina la heshima: wakaguzi. Baada ya raundi mbili kuna watoto watakaokuwa wanachelewa kwa makusudi ili wawe wakaguzi. Hilo nalo uliandalie dawa. Mimi bado sijaipata.

Chagua watoto watano wa kuwatazama. Huwezi kuwatazama 83. Jambo moja tu nalitafuta: mtoto mwenye visoda vitano akiongezwa vitatu, anarudi kuanza "moja, mbili, tatu", au anashika tano na kuendelea "sita, saba, nane"? Anayeendelea amevuka mto. Anayerudi mwanzo hajakosea, ila usimpe bado namba kubwa. Andika majina matano kwenye karatasi, weka mfukoni, wiki ijayo watano wengine.

Mtoto asiyesikia au asiyeona vizuri apangiwe jozi na mahali pa kukaa kabla, siyo wakati kelele zimeanza. Mwambie mwalimu mkuu na mwenzako wa jirani kwamba kesho saa nne kutakuwa na makelele. Na daftari lisibaki tupu: mzazi anayelifungua jioni akakuta hakuna kitu atasema mwalimu anacheza tu na watoto. Dakika tatu za mwisho kila mtoto achore ziwa lake na furu waliobaki, aandike namba yake chini. Inatosha.

La mwisho ni kukusanya. Kila seti irudi kwenye kopo lake, na jozi ihesabu kumi kwa sauti kabla ya kukabidhi. Kopo likirudi na visoda tisa, tazama chini ya dawati, halafu mifukoni. Kama siku hiyo ulitumia maharage, tazama puani.