Kaunti imekupandishia ada ya leseni? Angalia hivi kama Katiba inawaruhusu

Majuzi shangazi yangu anayeuza samaki aliletewa karatasi, eti leseni imepanda kuanzia Jumatatu. Tulikaa chini tukafuata njia hii, nawe ukiwa Kenya ifuate.

1. Toa Katiba ya 2010 kwenye tovuti ya Kenya Law. PDF za WhatsApp achana nazo, zingine hata kurasa hazijatimia.

2. Fungua kifungu cha 210(1). Ushuru au ada ya leseni haitozwi, haiondolewi wala haibadilishwi ila kwa sheria iliyotungwa. Soma neno kwa neno, kupandisha ni kubadilisha.

3. Tafuta hiyo sheria, na hapa usikimbie kabisa. Notisi ya ukutani sio sheria, barua ya afisa sio sheria, hata iwe na mhuri mkubwa namna gani. Sheria ya kaunti inapitishwa na bunge la kaunti, na kifungu cha 199 kinasema haianzi kufanya kazi kabla haijachapishwa kwenye Gazeti rasmi. Ada mara nyingi ziko kwenye jedwali la nyuma la Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa hivyo angalia mwaka, angalia aina ya biashara yako, halafu angalia kama ulichoshika ni mswada tu, maana mimi nilishawahi kupoteza siku nzima na mswada ambao haukuwa umepita. Kitu kingine, Katiba ya Kiswahili soma uelewe lakini maneno ya kubishania yatoe kwenye ya Kiingereza, kwa sababu kifungu cha 259(2) kinasema matoleo ya Katiba yakigongana la Kiingereza ndilo linashinda, na hilo nililijua baada ya kubishana mchana kutwa juu ya neno moja. Na kama wanachotoza ni malipo ya huduma, sio leseni, wako chini ya kifungu cha 209(4) kinachowaruhusu kutoza huduma wanazotoa, usiwapige na 210(1) kwa sababu inataja ushuru na ada ya leseni peke yake. Ukitaka serikali ishike maandishi na wewe yashike hata yakikuumiza.

4. Andika barua uulize ni sheria gani, taja kifungu cha 35 cha haki ya kupata habari. Kopi yako igongwe mhuri wa kupokelewa, usikubali kuambiwa kwa mdomo.

5. Wakikataa, kifungu cha 258 kinakuruhusu kwenda kortini wewe mwenyewe.

Shangazi hakufika huko. Jedwali lilikuwa bado na ada ya zamani, akaenda nalo limechapishwa, akalipa hiyo, akapewa risiti.