Kabla ya Kupanda Matatu: Namna ya Kusoma na Kutafakari Biblia Kila Siku

Kila Januari Wakristo wengi wa Nairobi huanza mpango wa kuimaliza Biblia katika mwaka mmoja, na si wachache wanaokwama katika Mambo ya Walawi. Hesabu yenyewe inaeleza sababu. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, yaani sura tatu na kitu kwa siku, na kwa kuwa Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, msomaji huzifikia sadaka za kuteketezwa mwishoni mwa mwezi huo huo, wakati karo imelipwa kwa taabu na ari ya mwaka mpya imeanza kupoa.

Ushauri wangu ni kuanza na kidogo. Chukua Injili ya Marko, yenye sura 16 na mistari isiyofika 680, usome kumi au kumi na miwili kwa siku, nawe utaimaliza kwa miezi miwili hivi. Usilazimike kukomea mahali sura inapokomea, kwa maana mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13. Soma mpaka tukio liishe.

Mtu anayetoka Kayole au Githurai saa kumi na moja alfajiri asijidanganye kwamba ataamka saa tisa. Dakika kumi na tano zinatosha, chai ikiwa jikoni. Biblia ikae mezani tangu usiku, imefunguliwa mahali pa kuanzia, na simu ibaki chumbani. Programu ya Biblia ni nzuri, lakini humo humo ndimo lilimo kundi la WhatsApp la chama na ujumbe wa mwenye nyumba.

Soma kwa sauti ya chini. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kutafakari" katika Zaburi ya 1 na Yoshua 1:8 ni hagah, nalo hubeba maana ya kunena kwa sauti ya chini: Isaya analitumia kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake (31:4) na kwa hua aliaye (38:14). Kwa hiyo kutafakari si kukaa kimya ukingoja wazo likushukie, bali ni kuyarudia maneno kinywani mpaka yazoeane nawe. Katika nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba, mnong'ono ni heshima kwa jirani pia.

Tuchukue Marko 4:35–41, pale Yesu anapoituliza dhoruba akiwa chomboni na wanafunzi wake. Mara ya kwanza soma moja kwa moja, ufuate habari. Mara ya pili nenda polepole, usimame penye kila neno lisiloeleweka. Katika Union Version, tafsiri ya Kiswahili ya zamani, Yesu yumo "katika shetri, amelala juu ya mto". Sisi wa bara hatuna shetri, ambayo ni sehemu ya nyuma ya chombo, na mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili aliwahi kuniuliza mtu analalaje juu ya mto bila kuzama. Kumbe ni mto wa kulalia. Penye ugumu wa namna hii, linganisha na Biblia Habari Njema, ambayo Kiswahili chake ni cha siku hizi.

Kisha uliza kwanza yaliwapata nini wale waliokuwapo, kabla hujauliza yanakuhusu nini wewe. Marko peke yake ndiye anayeutaja ule mto, na peke yake anasema kwamba vilikuwako na vyombo vingine. Waliokuwa ndani ya vyombo hivyo hawakumwamsha mtu yeyote, hata hivyo upepo ulipokoma shwari ilikuwa yao pia. Ukishaona hilo ndipo ujiulize leo umo katika chombo gani. Hatua hii isirukwe. Mstari wa Yeremia 29:11, wenye ahadi ya "mawazo ya amani" na tumaini, hubandikwa hata kwenye vioo vya matatu, lakini uliandikwa katika barua kwa mateka wa Babeli, na mstari unaoutangulia unawaambia wasubiri miaka sabini.

Andika sentensi moja tu daftarini, uombe kwa maneno ya andiko lenyewe, halafu uchague kifungu kifupi cha kutoka nacho. "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" ni sala iliyokwisha kutungwa; inaweza kunong'onwa katika foleni ya Barabara ya Thika huku muziki wa matatu ukitikisa viti, au saa ya chakula cha mchana katika bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji, wahubiri wa pale wakiwa wametulia.

Ukikosa siku moja, usisome sehemu mbili kesho yake ili kulipa deni. Endelea tu ulipoachia. Marko ikiisha, nenda Zaburi, moja kwa siku, isipokuwa ya 119 yenye mistari 176, ambayo ni ya wiki kadhaa, kisha urudi Mwanzo. Walawi watakungoja.